Taaluma ya Kufika: Mhadhara kwa Wakazi wa Rhamu kuhusu Faili Zilizofika na Zile Zinazojifanya Zimefika

Taaluma ya Kufika, ambayo mwasisi wake, mtaalamu wake wa pekee na mtahini wake ni mtu mmoja, yaani mhadhiri wa leo, huanza pale wengine wanapomalizia: pale kompyuta inapotangaza kwamba faili imekwisha kunakiliwa na mwenyewe akainuka kwenda kunywa chai ya maziwa ya ngamia. Faili ni mfuatano wa baiti, na baiti ni fungu la biti nane, na biti ni sifuri au moja. Kwa hiyo anayedai kwamba faili yake imefika anadai kwamba kila sifuri na kila moja imekaa mahali pake, dai zito ambalo watu hulitoa huku wakipangusa vidole.

Wapo wanaojiridhisha kwa kulinganisha ukubwa. Hao ni sawa na mchungaji anayevusha ngamia 40 Mto Daua, akahesabu 40 ng'ambo ya pili, asiangalie kama yumo mgeni aliyechukua nafasi ya mmoja wao, ilhali wafugaji wa Kisomali huwachoma ngamia chapa ya ukoo kwa sababu hiyohiyo. Mfugaji wa Rhamu, kwa hakika, hahitaji kufundishwa jambo hili. Atafundishwa hata hivyo. Zipo programu za kupakua ambazo hutenga nafasi yote ya faili kabla baiti za kwanza hazijawasili, hivyo mtandao ukikatika katikati, faili huonekana nene kumbe ndani ni tupu.

Wengine huitegemea TCP, itifaki inayopanga safari za data mtandaoni, bila kujua kwamba jumla yake ya ukaguzi ina biti 16 tu, yaani thamani 65,536, na kwamba hukagua njia, si diski ambamo faili hatimaye hulala.

Dawa ni heshi, yaani alama ya kidole ya faili, inayopatikana kwa kuzisaga baiti zote hadi zitoe namba fupi ya urefu usiobadilika. Ya MD5, aliyoibuni Ronald Rivest mwaka 1991 bila kumshauri mhadhiri, bado hunasa ajali za njiani, lakini tangu 2004, watafiti walipoonyesha faili mbili tofauti zenye alama moja, haifai dhidi ya mwenye hila. Ya SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, nazo hubadilika ovyo hata ikigeuka biti moja. Sharti kuu ni kwamba heshi ipigwe kwa mtumaji kabla ya kutuma, ifike kwa njia nyingine, kisha ilinganishwe na ile iliyopigwa kwa mpokeaji.

Wakenya waliufanya ulinganishaji wa namna hii nchi nzima. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, kasoro za upeperushaji wa matokeo zikiwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2022, picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kutoka vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000, vya Rhamu katika eneobunge la Mandera Kaskazini vikiwemo, ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, na karatasi zenyewe zikasafirishwa hadi kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura cha Bomas, Nairobi. Septemba 5, mahakama ikasema haikuona kati ya picha na karatasi tofauti ya kuathiri matokeo. Kwamba majaji walifika huko bila kuhudhuria mhadhara huu ni bahati tu.

Nakala ya mhadhara huu iliyotumwa Rhamu nayo imethibitishwa kwa ukali uleule: heshi ilipigwa mara mbili juu ya nakala iliyopokelewa, na mara zote mbili ikalingana na nafsi yake kwa alama zote 64, kwa hiyo ukurasa wa tano, ambao hadhira inashikilia kwamba haukufika, haukuwahi kuandikwa.