Mkataba wa Fisi na Mbuzi

"Siku ya mavuno, fisi wote watakula mbuzi mmoja." Ndivyo mkataba ulivyosema, na Simba akaupiga muhuri kwa ukucha. Mbuzi wakapiga vigelegele: fisi arobaini kwa mbuzi mmoja! Siku ilipowadia, fisi wakaja arobaini, wakaondoka na mbuzi arobaini.

"Kosa letu liko wapi?" akauliza mkubwa wao, akijipangusa mdomo. "Wote tumekula, na kila mmoja kala mbuzi mmoja."

Kesi ikafika kwa Mzee Bundi. Akakataa kuhukumu, akasema mwenye hatia ni lugha ya porini. (Msomi hakosi pa kutupia lawama.) Dawa, alisema, ni Lojban, mtoto wa Loglan. Loglan yenyewe alianza kuiunda James Cooke Brown huko Marekani mwaka 1955, apime kama lugha huongoza fikra. Baadhi ya wafuasi wakagombana naye, na 1987 wakaanza kujenga lugha yao, ndiyo Lojban.

"Humo hakuna kubahatisha," Bundi akafundisha. "Idadi inayotangulia huitawala inayofuata. Ukisema *ci gerku cu batci re nanmu*, mbwa watatu kila mmoja kang'ata wanaume wawili, na majeruhi waweza kufika sita. Ukitaka wawe wawili walewale walioonja meno ya mbwa wote watatu, unaziunganisha idadi kwa *ce'e*, isiwepo inayoitawala nyingine."

Beberu Mkuu akaelewa upesi. "Basi, Mzee, mtangulize mbuzi! Awepo mbuzi ambaye kila fisi atamla, huyohuyo."

Fisi hawakubisha, jambo ambalo lingetosha kumwamsha mwenye akili. Waliuliza swali dogo tu: hapo penye mbuzi litaandikwa neno gani?

"Yapo mawili," Bundi akajibu. "*Pa* ni mmoja kamili. *Su'o* ni angalau mmoja."

"Andika *su'o*," mkubwa wa fisi akasema kwa upole. "Lina heshima zaidi."

Beberu, ambaye macho yake yote yalikuwa kwenye mpangilio, akaitikia. Simba akapiga muhuri.

Mavuno yaliyofuata, fisi walimgawana Beberu Mkuu kwa zamu, kila mmoja akapata japo ukosi. Sharti likawa limetimia. Kisha wakaingia zizini, na hadi alfajiri hakikusalia kitu ila kwato na kengele.

Mbuzi mmoja aliyekuwa amejificha kichakani alikimbia hadi mtini kwa Bundi, akilia. "Mzee, wametula sote! Mkataba wako umevunjwa!"

Bundi akaufungua, akausoma polepole, akatikisa kichwa.

"Haujavunjwa, mwanangu. Angalau mmoja kaliwa na kila fisi. Na hilo la 'sote' si kweli," akaongeza, akimkazia macho. "Wewe bado upo."