Hekima ya Shabiki Siku ya Drafti

Katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, wachezaji wanaotoka vyuoni hugawanywa kila Aprili kwa drafti, yaani utaratibu wa raundi 7 ambamo timu 32 huchagua kwa zamu, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita hutangulia, isipokuwa iwe imebadilishana zamu yake na timu nyingine. Shabiki, ambaye ni mtaalamu aliyejiteua mwenyewe, hushikilia kanuni mbili kwa uthabiti uleule: kwamba achaguliwe mchezaji bora aliyebaki bila kujali nafasi anayocheza, na kwamba pengo la kikosi lizibwe kwanza; na kanuni inayotumika ni ile ambayo meneja wa timu ameikataa. Mwaka 2000, Tom Brady, kwotabeki, yaani mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi, alichaguliwa wa 199, baada ya makwotabeki wengine 6, kisha akatwaa ubingwa mara 7. Tangu hapo hajapata kuonekana shabiki ambaye hakuliona hilo mapema, ingawa mwaka 1998 ulifanyika ubishi mzito iwapo kwotabeki Ryan Leaf, aliyeshindwa vibaya baadaye, alikuwa bora kuliko kwotabeki mwenzake Peyton Manning. Elimu ya shabiki ina sifa moja adimu: hukamilika matokeo yakishajulikana.