Aliyekula Ana Jina

(Usiku, ufukwe wa Tanganyika, Bujumbura, si mbali na Rusizi inapoingia ziwani. Kiboko anarudi kutoka kula majani mjini. Mamba yumo majini, macho tu ndiyo yako juu, yameikodolea televisheni ya baa ya ufukweni.)

KIBOKO: Mwanangu, mbona umenuna hivyo? Samaki wameadimika?

MAMBA: Karibu, Mama. Wameirudia ile filamu ya mjomba.

KIBOKO: Ile ya Wamarekani?

MAMBA: Hiyohiyo, Primeval, ya mwaka 2007. Eti imetokana na kisa cha kweli cha Gustave. Mama, kisa hicho mimi nimelelewa nacho! Mamba wa mita sita hivi, mwenye makovu ya risasi, mzito kiasi kwamba hawezi tena kukimbizana na samaki. Kwa hiyo anawinda vinavyokwenda polepole.

KIBOKO: Yaani sisi.

MAMBA: Nyinyi na binadamu. Halafu ongeza vita vilivyoanza 1993, maiti zikitupwa Rusizi, na watu wakinong'ona kwamba mamba walizoea. Mpe mtunzi kisa hicho, hatalala. Wao wamekifanyia nini? Mjomba anaibuka, anameza mtu, anazama. Anaibuka, anameza, anazama. Saa moja na nusu!

KIBOKO: Ulitaka afanye nini, aimbe?

MAMBA: Nilitaka kujua yale makovu aliyapata wapi. Nani alimpiga, askari au mvuvi? Tangu siku ile, akisikia mlio wa bunduki anakimbia au anasogea? Nilitaka walau jioni moja ashibe, tuone mamba aliyeshiba anafanya nini.

KIBOKO: Analala. Nimeishi nanyi miaka mingi.

MAMBA: Basi alale! Hata kulala ni tabia. Na huyo wanayemwonyesha si yeye: wamemchora kwa kompyuta, na Burundi yao wameipigia picha Afrika Kusini. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitwa kwenye majaribio.

KIBOKO: Na binadamu wa humo je?

MAMBA: Mwandishi wa habari, yule mwigizaji wa tamthilia ya Prison Break, kazi yake kukunja uso. Mpiga picha, kazi yake mzaha. Mwanahabari wa kike, kazi yake kuhurumia wanyama. Mbabe wa vita anayejiita Gustave Mdogo, kazi yake kubweka. Kila mmoja ameingia na tabia moja na kutoka nayo vilevile, kama alitoka.

KIBOKO: Nasikia kwenye matangazo walimficha mjomba wako.

MAMBA: Walimtangaza kama muuaji sugu asiyekamatika. Watazamaji wakaja kumtafuta mtu mwenye kisu, wakakuta mkia!

KIBOKO: Afadhali yule Mfaransa.

MAMBA: Patrice Faye? Ndiye aliyempa mjomba jina. Ili amnase, alijenga kizimba cha chuma kirefu kuliko basi dogo, akatia chambo cha kila namna, mwisho mbuzi hai. Usiku mmoja wa dhoruba mbuzi akatoweka. Asubuhi wakakuta kizimba kimezama nusu. Filamu ya jambo hilo, iliyo ya kweli, ilitoka 2004. Humo mjomba haonekani sana, lakini ukiitazama unamfahamu: ana hadhari, hana haraka, chuma hakimbabaishi. Asiyeonekana ana tabia, anayeonekana kila mara hana!

KIBOKO: Na mbuzi?

MAMBA: Mbuzi yupi?

KIBOKO: Wa kizimbani. Alikuwa anaitwa nani?

MAMBA: Mama, chambo hakipewi jina.

KIBOKO: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Tangu nije unalalamika kwamba mjomba wako hakupewa haki yake kama mhusika. Jina analo, na linajulikana hadi Marekani. Urefu wake wameukisia, makovu yake tunayo. Inasemwa alikula watu hadi 300. Nitajie mmoja.

MAMBA: (kimya kidogo) Hao 300 hakuna aliyewahesabu, Mama. Ni makadirio.

KIBOKO: Mamba kaelezwa hadi makovu, watu wamekadiriwa kwa jumla! Wavuvi wa kule Magara. Wanaofua mtoni. Anayekwenda kukata matete jioni. Mtunzi angemchukua mmoja tu kati yao, amuulize: jirani yako alipotelea hapahapa wiki iliyopita, wewe umerudi kufanya nini? Naye angejibu kwamba bomba la mtaani kwao limekauka na watoto wana kiu. Hapo ndipo filamu ingeanza, na hata mjomba wako angetisha zaidi, kwa sababu tungemjua anayemjia.

MAMBA: Lakini Mama, nani atatoa pesa zake amwone mwanamke anateka maji?

KIBOKO: Wewe humkosi. Kila alfajiri macho yako yako pale, huondoki hadi wa mwisho ajitwike ndoo.

MAMBA: Mimi ninamtazama kwa nia nyingine.

KIBOKO: Na waliotengeneza filamu walimtazama kwa nia hiyohiyo yako. Tofauti ni kwamba wewe, mwanangu, angalau una njaa.