Bingwa wa Lothal Anena

Zimeni simu. Anayeongea ni bingwa. Ubingwa wenyewe sikutunukiwa na chuo chochote, maana hakijajengwa chuo cha kunitahini.

Leo nawapeleka Lothal, mji wa kale katika jimbo la Gujarat, India. Mwanaakiolojia S. R. Rao alianza kuchimbua pale mwaka 1955, akiwa na vibarua, majembe na serikali nyuma yake. Mimi nimefika hukohuko kwa akili tupu, nikiwa nimekaa. Semeni wenyewe nani kachoka zaidi.

Rao alikuta shimo la mstatili lililojengewa matofali ya kuchoma, urefu zaidi ya mita 200, upana kama 36. Akasema hili ni gudi la vyombo vya Waharapa, wenyeji wa kale wa huko, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Mwaka 1968 Lawrence Leshnik akapinga: bwawa tu la kumwagilia mashamba. Wasomi wakashikana mashati. Baadaye wapimaji wa tope la mle ndani wakakuta chumvi na magamba ya vijidudu vya baharini. Haya, nani anamwagilia mimea maji ya chumvi? Natoa hukumu: ni gudi. Wangeniuliza mapema wangeokoa wino mwingi.

Kando yake palikuwa na ghala. Liliungua, na moto huohuo ukaoka vidonge vya udongo vilivyopigwa mihuri ya wenye mali, ndiyo maana tunavyo hadi leo. Kigeuze kimoja: mgongoni utaona alama ya kamba na ya mkeka uliofunika robota. Fundo limekazwa barabara. Makuli wa siku hizi, nyamazeni.

Pia palikuwa na karakana ya shanga za akiki, mawe yakichomwa ili wekundu ukolee. Ufundi huo ungali hai Khambhat, jirani na hapo, na karne nyingi baadaye shanga za huko zilivuka bahari hadi pwani yetu. Bwana unayesinzia pale nyuma, huenda nyanya yako alijipamba kwa bidhaa ninayoifundisha. Kaa sawasawa!

Nabakiza maandishi ya mihuri. Dunia nzima hakuna aliyeyasoma. Mimi nimeyasoma yote, usiku mmoja, bila miwani. Anayetaka tafsiri alipe kwanza kwa mhazini pale mlangoni. Ndiyo, ni mke wangu, na risiti hatoi.