Natafuta Samaki Sugu

Nyumbani kwangu kila mtu ana samaki anayemtaka. Wa kubadilisha maji ndiye haonekani. Binti yangu anataka goldifishi. Mke wangu anataka yeyote atakayeendana na mapazia. Shemeji yangu, aliyekuja kwa wikiendi moja na bado yupo, anataka kambare. Mimi nataka samaki asiyekufa usiku wa manane nikaamshwa kwenda kuongoza mazishi.

Tangi lenyewe ni la lita 40, nalo limewekwa pale ilipokuwa redio yangu. Hakuna aliyeniuliza.

Nianze na goldifishi, maana huyu ndiye anayeuzwa kwa uongo mwingi. "Bosi, huyu hana shida, muweke hata kwenye bakuli." Asiye na shida ni muuzaji! Yule goldifishi unayemwona hapo bado ni mtoto. Akitunzwa vizuri hupita sentimita 20, huishi zaidi ya miaka 10, na kwa kunya hana mpinzani. Jiji la Roma lilipiga marufuku mabakuli ya duara ya kumfugia mwaka 2005. Huku kwetu unaweza kufuga mbuzi stoo na mjumbe akaja tu kuulizia bei.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji halisemi kabla hajapokea hela: maji mapya yanayometameta ndiyo yanayoua. Samaki akinya, maji yanajaa amonia, na wa kuiondoa ni bakteria ambao bado hawajahamia. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo makali yake ni madogo na unaipunguza kwa kubadilisha maji kiasi kila wiki. Mpaka hao bakteria watulie na kuzaana vya kutosha ni kama wiki nne hadi sita, filta ikizunguka, nawe ukidondosha chakula kidogo kioze ili wapate amonia ya kula. Hebu mweleze mtoto wa miaka saba kwamba tangi lake limeshaanza kufugwa, ila wanaofugwa hawaonekani.

Maji ya bomba nayo yana klorini, inayodhuru samaki na bakteria wake pia. Ama ununue dawa ya kuiondoa, ama uyaache kwenye ndoo wazi siku nzima ipeperuke. Kwa ndoo mimi sina wasiwasi. Kwetu maji hutoka yanapojisikia, kwa hiyo ndoo zimejipanga ukumbini miaka yote. Kwa mara ya kwanza huduma mbovu imenifaa.

Lakini umeme! Ukikatika, filta inasimama, na joto hili la Dar es Salaam linazidisha tatizo kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Hapo ndipo beta, yule mwenye mapezi marefu ambaye wengi humwita faita, anapopata kura yangu. Asili yake ni Thailand, kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga, na ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Joto letu analipenda. Angekuwa Njombe mwezi wa saba ningelazimika kumnunulia hita. Sharti lake ni moja: dume akae peke yake. Ukiweka madume wawili, asubuhi unaokota mapezi. Mke wangu kasema samaki mmoja ni upweke. Mimi nasema ni amani.

Binti akapendekeza gapi, na kusema kweli hakukosea. Gapi anatoka Trinidad na pwani ya kaskazini ya Amerika Kusini, ni mdogo, mvumilivu, na hata yale maji ya kisima yenye chumvichumvi hayamsumbui. Kinachomsumbua mwenye nyumba ni uzazi. Jike huzaa watoto hai karibu kila mwezi, tena huhifadhi mbegu za dume mwilini, hata ukimhamishia peke yake anaendelea kukuletea wajukuu kwa miezi kadhaa. Nimeshasema: madume watupu, la sivyo nahama mimi.

Jirani, mzalendo, akauliza kwa nini tununue wa Trinidad wakati Ziwa Nyasa lina mbuna wanaosafirishwa hadi Ulaya. Ni kweli, wale wa bluu na njano wanapendeza kuliko mapazia yote. Ila ni wakorofi, kila mmoja anataka jiwe lake, na wanahitaji tangi la mamia ya lita. Ndani ya lita 40 ni kikao cha mirathi.

Shemeji akacheka. "Usugu si ndiyo unaotaka? Kambare naye anavuta hewa, tena anatambaa kwenye tope mpaka dimbwi la pili." Nikamwambia kambare hupita mita moja na huwala wenzake. "Basi akizidi tangi tunamhamishia kwenye sufuria, shemeji."

Kwa sasa filta inanguruma kwenye maji matupu. Wageni wakiuliza samaki wako wapi, shemeji huwajibu kwa sauti ya kitaalamu kwamba hapa kwanza tunafuga bakteria, na siku hizi hakuna anayekubali chai yetu.