Kodi ya Moshi Isije Ikaishia kwenye Mbabula Yangu

Tangu redio ianze kutangaza habari za kutoza kodi hewa chafu, hapa Sandoa mtu hanyolewi tena kwa amani. Kinyozi ameinua mashine, betri inakwisha, nusu ya kichwa changu bado pori, naye anabishana na mwalimu. Mwalimu anasema kila tani ya kaboni inayopandishwa angani lazima iwe na bei, na kwamba jimbo letu la Lualaba lisingoje Kinshasa, lijiamulie lenyewe. Kinyozi anasema kodi ni kodi, hata ukiivisha koti la kijani. Mimi nasema nimaliziwe nywele niende zangu, lakini nani ananisikiliza?

Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Mwalimu wetu husoma kila karatasi inayomfikia, hata ile iliyofungiwa karanga, na mambo anayajua. Ametusimulia kwamba kule Kanada jimbo la British Columbia lilianza mwaka 2008 kutoza dola 10 za kwao kwa kila tani, na fedha iliyopatikana ikarudishwa kwa wananchi kwa kuwapunguzia kodi nyingine. Hapo kibanda kizima kilicheka. Baba mmoja muuza chumvi alimwomba arudie, akidhani hakusikia vizuri. Kodi inayotoka Sandoa tunaijua: inapanda gari kwenda Kolwezi, makao makuu ya jimbo, na huko inakuwa mtu mkubwa, haipokei simu za nyumbani.

Halafu akaja na habari ya Marekani. Jimbo la Washington liliwauliza wapiga kura wake mwaka 2016 kama wanataka kodi ya kaboni, wakakataa. Likawauliza tena mwaka 2018, wakakataa tena. Wabunge wao wakapitisha mwaka 2021 sheria ya namna nyingine, ya kuwauzia wachafuzi vibali, na mwaka 2024 wananchi walipoulizwa kama wanataka ifutwe, walisema iachwe. Mwalimu alitaka tuone jinsi watu wanavyobadilika. Kinyozi aliona kitu kingine kabisa.

“Mara tatu!” alipiga kelele. “Wenzetu wameulizwa mara tatu! Mimi nani aliniuliza habari za kodi ya vinyeti ya pikipiki?”

Tuje kwenye hesabu, maana watu wanapiga domo bila kuhesabu. Mkongomani wa kawaida, ukigawanya moshi wa mafuta na viwanda vya nchi yote kwa watu wote, hafikishi hata sehemu moja ya kumi ya tani kwa mwaka. Wastani wa dunia unapita tani 4. Mmarekani anapita 10. Kwa hiyo ukinitoza mimi kwa haki, bahasha ya kuniletea deni hilo itagharimu kuliko deni lenyewe. Tukitafuta tani, tani ziko kwenye migodi ya Kolwezi. Kweli shaba yetu inachimbwa kwa umeme wa maji, wa Nzilo na Nseke, na ule wa Inga, ambao tangu mwaka 1982 unasafiri kilomita zipatazo 1,700 juu ya vichwa vya watu wanaokula bukari kwa mwanga wa tochi. Lakini umeme huo hautoshi, na kila unapokatika migodi inawasha majenereta ya mazuti. Weka na malori: yanashuka na shaba, yanapanda na salfa na mafuta, na pale mpakani Kasumbalesa yanapanga foleni ambayo dereva anaweza kuota ndevu humo. Lita moja ya mazuti ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Hizo ndizo za kutoza, na haihitaji darubini.

Basi mbona nalalamika? Nalalamika kwa sababu najua kodi inavyokusanywa huku kwetu.

Inakusanywa kwa kamba. Kamba ya nailoni imevutwa katikati ya barabara, imefungiwa vipande vya mfuko mweusi ili ionekane kwa mbali. Upande mmoja imeshikwa na mti, upande wa pili na kijana kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliovunjika. Lori la mgodi halipiti hapa. Anayepita hapa ni mtu mwenye baiskeli, ambayo sisi tunaiita kinga, amepakia magunia matatu ya makala yaliyozibwa midomo kwa majani na kushonwa kwa kamba za magome. Hajapanda, anaisukuma, maana mchanga wa barabara yetu haukubali kupandwa. Mtu huyo hata bila kamba angesimama, kwa kuchoka tu. Sasa mpe kijana wa kwenye kiti karatasi yenye mhuri inayosema kaboni ilipiwe. Atamfuata nani? Kaboni yenyewe hiyo hapo mbele yake, nyeusi, imefungwa kwenye gunia, na mwenyewe anahema.

Na kiasi gani? Kwa bei ile ya dola 10 kwa tani, lita ya mazuti ingedaiwa chini ya franka 100. Noti ya mia moja sokoni haipokewi hata na mtoto wa kuuza pipi, kwa hiyo kodi itaanzia noti ya mia tano, kwa sababu ya chenji, na ikianzia hapo nani ataishusha?

Jirani yangu anayechoma mahindi alisikiliza ubishi huu wote huku anapepea mbabula yake ya makala kwa kipande cha katoni. Hakusema kitu mpaka mwalimu alipogusa habari ya kupima moshi. Ndipo akauliza: “Mwalimu, na ule unaobaki machoni mwangu, hautatolewa kwenye hesabu?” Mwalimu alikuna kichwa. Kwenye karatasi zake zote hakuna ukurasa huo.

Najua kwa nini mwalimu ana haraka, na sababu yake si ya kipuuzi. Ulaya, anasema, imeanza kutoza kaboni mlangoni kwake. Kuanzia Januari 2026 anayeingiza huko chuma, saruji, alumini au mbolea analipia moshi uliotoka katika kuvitengeneza. Shaba na kobalti hazimo kwenye orodha hiyo. Lakini orodha za wazungu huwa zinarefuka, na siku shaba na kobalti zikiingia, tusipokuwa na kodi yetu wenyewe, fedha ya moshi wa Lualaba italipwa kwenye bandari ya watu na kubaki huko. Hapo hata kinyozi alinyamaza kidogo, kabla ya kukumbuka kwamba shaba yetu nyingi inakwenda China.

Kuna kodi moja ya kaboni ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Septemba 2023 marais wa Afrika walikutana Nairobi na kutaka dunia nzima itoze mafuta ya ardhini yanayouzwa, pamoja na meli na ndege. Mimi sina meli. Ndege naiona kwa chini. Waitoze hata kesho. Lakini mwaka mmoja haukupita vizuri, wananchi wa huko huko Nairobi wakaletewa muswada wa fedha wenye ushuru wa mazingira, vijana wakajaa barabarani, na Juni 2024 rais wao akakataa kuutia saini.

Kinachonikera zaidi ni mgawo wa fedha ikishakusanywa. Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inatoza mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba, kobalti ikapandishwa hadi 10. Nusu inakwenda Kinshasa, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenye mgodi, 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Sandoa si eneo lenye mgodi wa namna hiyo. Sisi tuna miti ya miombo, mihogo, na mto Lulua. Mwaka 2023 serikali iliunda mamlaka ya kusimamia soko la kaboni, na kwenye mikutano ya dunia tunasikia nchi yetu inaitwa suluhisho. Mimi naishi ndani ya suluhisho hilo. Mvua ikinyesha, barabara yake ya kwenda Kasaji inameza pikipiki mpaka kwenye kiti.

Kwa hiyo nimetoa pendekezo langu. Kodi ya kaboni itozwe kwenye maghala ya mafuta na kwenye mizani ya malori, mahali ambapo lita na tani zinahesabiwa tayari kila siku, wala hakuna haja ya kumpa mtu kamba. Mbabula na kinga zitajwe kwa majina kwamba hazihusiki, na zitajwe kwenye kifungu cha kwanza, maana cha saba hakuna anayekifikia. Na sehemu ya fedha ije kwa wenye miti, ianzie na barabara.

Mwalimu amefurahi sana. Amesema tuandike barua kwa wabunge wa jimbo, sote tutie saini. Kisha akatoa daftari: kila mmoja franka elfu moja, ya kuchapisha na kutoa kopi. Nimesaini. Elfu moja nimemwambia aiandike kama deni. Mashine ya kopi ya hapa mjini inaendeshwa na jenereta ya mazuti, kwa hiyo kinyozi amependekeza barua isizidi ukurasa mmoja, na wote tumekubali bila kupiga kura.