Limbwata la Xiaobei

Nyumbani kwetu Xiaobei, Guangzhou, ghorofa ya 14, anayetoka asubuhi kwenda kutafuta ni mke wangu. Anavuka Mto Zhujiang hadi soko la vitambaa la Zhongda, anawachagulia mapazia wateja wake wa Kariakoo na kubishana bei kwa Kichina. Mimi napika, nafua, nampeleka mtoto shule.

Sheria ya Ndoa ya 1971, ile iliyotufunga kule Dar, inasema kumtunza mke ni wajibu wa mume. Mke naye anaweza kuwajibika kumtunza mume, ila awe mume aliyeshindwa kujitafutia kwa maradhi au kuumia, mwili au akili. Kifungu cha 63. Nimekisoma mara mbili nikitafuta pa kukohoa.

Kupika hakunisumbui, jiko lina kuta. Taabu ni kuanika. Roshani yetu inatazamana na jengo wanamokaa wenzangu wa kijiweni, ambao tayari wanasema shemeji kanipa limbwata. Wanione nimeshika upondo, chupi za mke wangu zinaning'inia ncha yake? Basi nikawa naanika chumbani, usiku, kamba ikipita juu ya marobota ya sampuli.

Mwezi wa tatu nguo zikagoma kukauka. Siku ya tatu nikaamua kiume: madirisha yote wazi, upepo upite. Nje kulikuwa na joto zuri. Kufika adhuhuri kuta zinatiririka maji, sakafu inateleza, kioo kinalia. Nikajua tu, bomba la jirani wa juu limepasuka. Nikapanda na bukta yangu, nimefura.

Akafungua mzee wa Kikantoni aliyevaa aproni, mwiko mkononi, supu inachemka nyuma yake. Kumweleza ilibidi nimshushe kwangu. Alipoona madirisha alicheka hadi akaegemea ukuta, akalowa mgongo. Akasema neno moja: huinantian. Kuta zimebaki na baridi ya kipupwe, kisha hewa ya joto yenye unyevu inaingia kutoka bahari ya kusini; nyumba inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Kila mtu Guangzhou hufunga madirisha siku hizo. Akayafunga mwenyewe, akaweka kiyoyozi kikaushe hewa, akarudi kwenye supu yake. Aproni hakuivua hata kwenye lifti, nami nilikuwa nikimtazama sana.

Jioni mke wangu akafunua marobota. Ukungu, madoa kama ya chui.

"Baba watoto, kamba hii ya nini humu?"

"Ya kuanikia."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

"Na roshani?"

"Watu wanaona."

Akanitazama kwa muda. "Wanaona nini? Kwamba navaa chupi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata. Alipiga hesabu ya vitambaa, yuan 320, akaikata kwenye hela ya matumizi anayonipa kila Jumatatu.

Sasa naanika nje, mchana. Kukiwa na jua zinakauka kwa saa tatu. Chumbani zilikuwa zinachukua siku mbili.